Dodoma mpaka Kilosa kwa baiskeli ya greveli: uchambuzi wa ruti iliyochorwa kwa kilomita ikabidi ichorwe upya kwa maji

Kisa chenyewe ni cha watu saba wa hapa Dodoma, wengi waajiriwa, wanaoendesha baiskeli jumamosi alfajiri kuelekea Ihumwa au upande wa barabara ya Singida, na wamefika ile hatua ambayo lami inaanza kuboa. Wameona mashindano ya greveli, yaani baiskeli za barabara za vumbi na changarawe, ya Kenya kule Maasai Mara, yale ya Migration yaliyoanza 2021, wakajiuliza kwa nini sisi tusiwe na safari yetu ngumu, porini, msituni, pembeni ya mto, bila magari ya mchanga kukupulizia moshi usoni. Mratibu wao ni dada mmoja anayefanya kazi za upimaji wa viwanja, mtu wa ramani kweli kweli, ndo akachora ruti kwenye apu akanitumia niitazame. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Kaka shikamoo, angalia hii, siku ya pili ni mteremko tu, sioni shida."

Ruti ilikuwa hivi. Siku ya kwanza Dodoma, Ihumwa, Kikombo, Igandu, Msagali, Gulwe, halafu unapinda kushoto unapanda Mpwapwa mjini kulala, kama kilomita 115. Siku ya pili unaamka alfajiri unapanda msitu wa Kiboriani, ile safu ya milima inayoukalia mji wa Mpwapwa kwa juu, unazunguka kama kilomita 20, unashuka, unarudi Gulwe, unaushika mto Kinyasungwe na kuufuata Godegode, Kidete, mpaka bonde linapobana kati ya milima ya Rubeho na Ukaguru, mto nao ushaanza kuitwa Mkondoa, unatokea Kilosa. Kilomita 125 na Kiboriani ikiwemo. Tarehe, wikiendi ya Nyerere Dei mwezi wa kumi, kwa sababu ya likizo.

Niseme wazi kwamba kama wazo ruti ni tamu. Unaanzia kwenye nchi ya mibuyu na mizabibu, unapita nchi kavu ya migunga, unagusa msitu wa mlimani wenye ubaridi, unaishia kwenye bonde la kijani ambalo mwisho wa siku maji yake yanaenda mto Wami na bahari ya Hindi. Ukiikaa na kuifikiria unaona ni nchi tatu tofauti ndani ya wikiendi moja. Shida ilikuwa kwenye namba zake na kwenye mwezi wake, na kubwa zaidi kwenye kile kitu alichoanza nacho wakati anachora.

Nianze na huo mteremko maana ndo ulimdanganya. Dodoma iko kama mita 1,120 kutoka usawa wa bahari, Kilosa iko kama mita 500 hivi, kwa hiyo ni kweli unashuka mita 600 na ushee. Lakini gawanya kwa zaidi ya kilomita 200, unapata mita tatu kwa kila kilomita, huo sio mteremko ambao mguu wako utaujua. Mguu utajua makorongo. Kila kijito kinachoingia Kinyasungwe kutoka pembeni kimejichimbia korongo lake, na njia ya watu inaingia humo ndani na kutoka, unashuka mita nane kumi kwa ghafla, chini mchanga, unashuka kwenye baiskeli, unasukuma, unapanda upande wa pili. Ukirudia hivyo mchana kutwa umepanda mlima mzima ambao kwenye ramani haupo, kwa sababu apu inachukua vipimo vya mwinuko kwa hatua kubwa na korongo jembamba linapotelea katikati.

Na hapa watu wengi wanachanganywa na reli. Reli ya kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia Dar 1905 ikafika Kigoma 1914, na walipita bonde hili kwa sababu mto ulikuwa umeshawatafutia njia ya kupenya milima bila kupanda sana, treni haitaki kupanda. Mtu anaona reli ipo, stesheni zipo zimepangana vizuri, Gulwe, Godegode, Kidete, Mzaganza, Munisagara, Kilosa, anasema basi na njia ya baiskeli pembeni yake itakuwa hivyo hivyo tambarare. Reli ina matuta na madaraja, wewe huna. Na hata yenyewe na madaraja yake hicho kipande cha Kilosa mpaka Gulwe, kama kilomita 80 na kitu, ndo kipande kinachosumbua kuliko vyote: mvua za mwisho wa 2009 kuingia Januari 2010 zilisomba tuta na madaraja, treni zikakatika kwa miezi. Kama mto unabomoa kitu kilichojengwa kwa chuma na mawe, njia ya bodaboda itakuwa kila mwaka inahama, na ramani ya satelaiti uliyochorea inaweza kuwa ya kabla haijahama.

Halafu sasa kuna reli mpya. SGR nayo inapita bonde hilo hilo, ina umeme juu na uzio pembeni, na huwezi kuikatiza kiholela, unavuka pale palipowekwa kivuko cha chini au daraja basi. Apu inakuonyesha kijinjia kizuri kinakatiza reli kwa sababu kijinjia kilikuwepo miaka yote, ukifika unakuta uzio, na kivuko kiko kilomita mbili nyuma. Nilimhesabia dada sehemu tano kwenye ruti yake ambapo mstari unakatiza uzio kama vile haupo. Kutembea wala kuendesha juu ya tuta la reli, iwe ya zamani au mpya, ilifutwa kwenye mjadala mapema, maana kuna jamaa mmoja kwenye kundi alikuwa analeta hilo wazo kila jioni na kila jioni anakataliwa.

Tukaja kwenye muda. Nilimwomba aachane na kilomita kwanza, achukue ule mstari aukate vipande kwa aina ya ardhi. Barabara ya moramu iliyoshindiliwa, mtu wa kawaida mwenye mzigo anaenda 17 kwa saa. Njia ya bodaboda na ng'ombe yenye mawe na mizizi, 11. Mchanga na makorongo, 6, na hiyo 6 ni pamoja na kusukuma. Siku yake ya pili ukitoa Kiboriani ilibaki kilomita 105, alipokata kwa picha za satelaiti na kuwapigia simu watu wawili wa bodaboda wa Gulwe ikatoka moramu 40, njia ya bodaboda 45, mchanga 20. Yaani saa mbili na dakika ishirini, jumlisha saa nne na dakika tano hivi, jumlisha saa tatu na dakika ishirini. Karibu saa kumi za kuendesha. Weka saa mbili za kula, kujaza maji, pancha na kumsubiri wa mwisho. Weka saa nne za Kiboriani. Inakuja kama saa kumi na sita, na mchana wa kwetu hauzidi saa kumi na mbili na kidogo mwaka mzima. Alinyamaza kidogo kwenye simu halafu akasema "kwa hiyo kilomita ishirini za mchanga zinakula muda karibu sawa na arobaini na tano za njia ya bodaboda." Ndo hivyo. Mtu akijua mchanga uko wapi na ni mrefu kiasi gani, kilomita za jumla anaweza hata kuzisahau.

Sasa maji, ambayo kwangu ndo kisa chenyewe.

Kinyasungwe mwezi wa kumi haina maji unayoyaona. Ni barabara pana ya mchanga mweupe, na maji yako chini, wenyeji wanachimba visima vya mchangani wanachota kwa kata, ng'ombe wana vyao na watu wana vyao. Kwa hiyo ule usemi wa "tutafuata mto, maji hayatasumbua" ni wa mtu aliyeuona mto kwenye ramani ukiwa na rangi ya bluu. Zaidi ya hapo, siku ya kwanza kati ya Kikombo na Mpwapwa wanakatiza ukanda ambao misafara ya karne ya 19 ilikuwa inauogopa, ukiitwa Marenga Mkali. Misafara kutoka Bagamoyo ilikuwa inapumzika Mpwapwa kwa sababu kulikuwa na maji ya uhakika, inajaza vibuyu, halafu inavuka ule ukavu kwa tirikeza: mnaondoka mchana mkiwa mmekunywa na kula vizuri, mnatembea mpaka usiku, mnalala porini bila maji, alfajiri mnaendelea mnafika maji ya Ugogo kabla jua halijawa kali. Stanley alipita huko 1871 na wapagazi wake, Burton na Speke walishapita kabla yake, na wote mwendo wao ulipangwa na visima, sio na maili. Wapagazi ndo waliokuwa wanaujua huo utaratibu, wazungu walikuwa wanaandika tu.

Mtu anayeendesha kwenye joto na vumbi anahitaji kati ya nusu lita na robo tatu kwa saa, mwezi wa kumi wa Dodoma unaweza kuzidi. Siku ya saa nane tisa ni lita tano sita kwa kichwa, watu saba ni ndoo mbili kubwa. Chupa mbili za kwenye fremu ni lita moja na nusu. Kwa hiyo tulichukua karatasi tupu, tukaandika sehemu za maji kwanza: Ihumwa, Kikombo, Igandu, Msagali, Gulwe, Mpwapwa, Godegode, Kidete, halafu karibu na makutano ya Lumuma, mto unaoshuka kutoka Rubeho kule wanakolima vitunguu. Kati ya sehemu mbili tukaandika masaa badala ya kilomita. Palipozidi masaa mawili na nusu ilibidi kuwe na jibu, ama kubeba zaidi, ama gari lisubiri, ama kubadilisha njia ipite kijiji kingine hata kama ni mbali. Maji ya visima baadhi ya vijiji yana chumvi, unakunywa na kiu haiishi, kwa hiyo hata jina la kijiji halitoshi, unauliza bomba lipo na linatoka? Dada aliwapigia watendaji wa vijiji mmoja mmoja, kazi ya jioni kadhaa, na vijiji viwili vilifutwa kwenye orodha kwa sababu pampu ilikuwa imekufa.

Hapo ndipo mwezi ulipobadilika wenyewe bila ugomvi. Oktoba ni mkavu na joto linapanda kuelekea mvua za Desemba. Ukienda Machi au Aprili makorongo yanashuka maji kutokana na mvua iliyonyesha milimani ambayo wewe hukuiona, unaweza kusimama mahali pakavu jua linawaka na maji ya kahawia yakaja na magogo, hiyo nisingemshauri mtu yeyote. Mwanzo wa mwezi wa saba, kuzunguka Saba Saba, kuna baridi, bado kuna madimbwi mtoni, visima havijashuka chini sana, udongo mweusi umeshakauka. Ubaya wake upepo. Upepo wa kipupwe hapa unatoka mashariki na kusini mashariki, na ruti inaelekea huko huko, yaani utakula upepo wa uso kuanzia Ihumwa. Kuna aliyependekeza wageuze, waanzie Kilosa waje Dodoma upepo ukiwa mgongoni, na sio wazo baya hata kidogo, ila gari lao la msaada na nyumba zao ziko Dodoma na wakaona kuanzia nyumbani ni rahisi kuahirisha kama kuna tatizo. Mi ningegeuza. Upepo asubuhi huwa umelala, unaamka kuanzia saa nne hivi, kwa hiyo wakakubaliana kwamba jua likichomoza, kama saa moja kasoro dakika kumi mwezi huo, watu wawe juu ya baiskeli tayari, sio wanatafuta chapati.

Kiboriani nayo ilikuwa na mambo yake. Kwanza msitu wa hifadhi sio uwanja wa wazi, unaingia kwa kibali, na misitu ya serikali kuu iko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, halafu kuna misitu ya vijiji ambayo kwa Sheria ya Misitu ya 2002 kijiji chenyewe ndo chenye mamlaka, kwa hiyo hata ukiwa na karatasi ya wilaya bado unapita kwa mwenyekiti unasalimia na kueleza. Watu wa mjini wanaona ni usumbufu. Mimi naona ndo bima yako ya bei rahisi kuliko zote, maana mwenyekiti akikujua, kijiji kizima kinajua kuna watu saba wenye kofia za ajabu wanapita, na ukipotea kuna atakayeuliza. Pili, mji wa Mpwapwa uko kama mita 1,000 na juu mlimani ni mamia ya mita kwenda juu, njia ni ya mawe, kushuka kwake kunakula breki na mikono kuliko kupanda. Kuweka hiyo asubuhi ya siku ambayo jioni unatakiwa uwe Kilosa ni kujichosha kabla ya kazi. Nilidhani watakata Kiboriani. Hawakukata, na walikuwa sahihi, kwa sababu msitu ndo ulikuwa sababu ya nusu ya kundi kuja.

Jibu lilitoka kwa mwalimu mmoja wa historia aliyeko kwenye kundi, aliposikia habari ya Marenga Mkali akasema "si tupige tirikeza sasa." Yaani siku ziwe tatu. Siku ya kwanza Dodoma mpaka Mpwapwa kama ilivyo. Siku ya pili asubuhi Kiboriani bila mzigo, baiskeli nyepesi, mnarudi mjini mnakula ugali na mlenda mnalala kidogo, halafu saa tisa mchana mnaondoka mkiwa mmeshiba maji, mnashuka Gulwe, mnalala Godegode kwa ruhusa ya kijiji, mahema kwenye uwanja. Ni kama kilomita 30 na nyingi za moramu. Siku ya tatu inabaki Godegode, Kidete, Kilosa, kama 75 kwa njia za chini: moramu 15, bodaboda 40, mchanga 20. Ukipiga hesabu ile ile inatoka karibu saa nane za kuendesha, weka moja na nusu ya kusimama, ukianza kwenye saa moja kasoro unafika kwenye saa kumi na nusu jioni na bado una masaa mawili ya mwanga mkononi. Hayo masaa mawili ndo nilikuwa nayatafuta tangu mwanzo.

Kongwa iko hapo jirani, na sikuweza kujizuia kumkumbusha dada habari ya mpango wa Waingereza wa mashamba makubwa ya karanga uliofanyika huko, 1947 mpaka 1951. Timu iliyokuja kukagua 1946 ilikaa wiki tisa, sehemu kubwa ya nchi waliitazama wakiwa kwenye ndege, wakaona pori linafaa. Matrekta yalipofika yakakutana na visiki vya mibuyu, udongo unaokauka kama saruji na mvua isiyotabirika. Alicheka, ila baada ya hapo alimlipa kijana wa bodaboda mafuta akapite Godegode mpaka Kidete na simu yake inarekodi ruti. Ile rekodi ilisogeza mstari wetu sehemu nyingi, na mchanga ukaongezeka kilomita tatu.

Vifaa nitapita haraka ila kuna kimoja kinachowaumiza watu huku na hakisemwi. Kundi lilikuwa na greveli tatu, baiskeli za mlimani za inchi 29 tatu, na mzee mmoja mwenye Phoenix aliyoifunga gia mwenyewe. Greveli ya 700c na ya mlimani ya 29 rimu zake ni kipenyo kimoja, milimita 622, kwa hiyo mipira ya ndani mnaazimana, na hata tairi kama fremu ina nafasi. Phoenix ya 28 ni 635, tairi haiingiliani kabisa. Mpira wake wa ndani lakini kwenye shida unaingia kwenye 700, mradi tundu la valvu kwenye rimu liwe pana, na huo ndo mpira utakaoupata dukani kijijini. Halafu valvu: pampu ya fundi wa kijiji ni ya valvu ya kizamani au ya gari, Presta ile nyembamba hajaizoea, kwa hiyo kila mwenye Presta abebe adapta mbili, ni kitu kidogo kinachouzwa bei ya soda na kinaweza kukulaza porini. Tairi milimita 45 na kuendelea, tubelesi (isiyo na mpira wa ndani) yenye dawa ya kuziba, kwa sababu mbigili na miiba ya mgunga haina huruma na mpira wa kawaida utabandika viraka mpaka solusheni iishe. Presha mtu wa kilo 75 kwenye moramu kama psi 30, mkiona mchanga umeanza shusheni mpaka 23 hivi, msione uvivu.

Gari lilikuwa kirikuu. Dereva alijua kabisa kwamba baada ya Gulwe hawezi kuwafuata, anarudi Mpwapwa, Kongwa, Mbande, anashika barabara ya Morogoro, Gairo, Dumila, anaingia Kilosa, zaidi ya kilomita 200 za kuzunguka. Kwa hiyo siku ya tatu hakuna gari, na ndo maana tuliweka sehemu za kutokea. Godegode asubuhi, mtu akiamka vibaya anarudi Mpwapwa kwa bodaboda, baiskeli imefungwa nyuma, hospitali ya wilaya ipo. Kidete ndo ya mwisho: kama hamjaiacha Kidete saa sita mchana hamuendelei, mnalala hapo hapo, hata kama kila mtu anajisikia vizuri. Mbele ya hapo bonde linabana, mtandao unakuja na kuondoka, na giza likikukuta humo hutarudi nyuma wala kufika. Huo mstari wa saa sita uliandikwa na kila mtu akajibu "sawa" kwenye grupu, kwa maandishi, ili asije mtu kuanza kubembeleza siku ya siku.

Walienda. Siku ya kwanza upepo uliwapiga kuanzia Igandu, wakafika Mpwapwa jua limeshazama, saa moja na nusu nyuma ya ratiba. Kiboriani ilienda vizuri, mzee wa Phoenix hakupanda, alikaa mjini anapiga stori na mafundi na kununua mipira ya ndani miwili ambayo kesho yake iliokoa greveli moja. Godegode walipokelewa, mwalimu akasalimia kwa Kigogo "mbukwenyi", mzee mmoja akamcheka lafudhi akawaonyesha kisima cha watu na akawakataza cha ng'ombe. Asubuhi yake wawili walibaki, mmoja tumbo na mwingine alijitolea kumsindikiza, wakarudi Mpwapwa kwa bodaboda. Watano wakaingia Kidete saa tano na dakika arobaini, wakajaza maji, wakaiacha saa sita kasoro dakika tano na ubishi mkubwa kama dakika tano zinahesabika. Kilosa waliingia saa kumi na mbili jioni, baada ya kubeba baiskeli mabegani sehemu moja ambapo njia ilikuwa imemong'onyoka yote na kuingia mtoni. Kwa hiyo yale masaa mawili ya akiba yaliliwa karibu yote njiani, na ingekuwa ile ratiba ya mwanzo, jua la Nyerere Dei lingewazamia wakiwa bado hawajaiona Kidete.

Sasa wanapanga tena, na ubishi ni kugeuza, kuanzia Kilosa. Dada anasema upepo mgongoni unalipa kupanda mita 600, na mi namuunga mkono, ila maji yanageuka pia: vipande vikavu vya Msagali na Igandu vinakuja siku ya mwisho watu wakiwa wamechoka, wakati mwanzo vilikuwa vya siku ya kwanza. Nimemwambia kabla hajafungua apu atafute kwanza ni nani mwezi wa saba ana bomba linalotoka kati ya Gulwe na Igandu, na kijana wa bodaboda atumwe Munisagara mwezi wa tano mvua zikikatika akaangalie pale palipomong'onyoka kama pana njia.